Hesabu ya Mnana

Mnana, ndege wa manjano ambaye wasiojua humwita kwera, aliwasukia wenzake viota kwa kishuke kimoja cha mtama kila siku ya kazi. Tetere, njiwa mdogo, akamjia na mayai tumboni.

"Fundi, changu siku ngapi?"

Mnana akasoma mikwaruzo aliyoiweka kwenye gome. "Cha kwanza kilichukua siku kumi, cha pili nane, cha nne sita na kitu. Kila idadi ya viota inapofika maradufu, siku hupungua kwa sehemu moja ya tano. Chako ni cha nane. Siku tano, bibie."

Tetere akalipa vishuke vitano. Siku ya tano akakuta pete tupu ya nyasi, mwanzo tu wa kiota.

"Mzee wangu! Mtama umekula, mimi nitage wapi?"

"Hesabu ni sahihi," akasema Mnana. "Sioni kosa."

"Vile saba ulivisuka peke yako?"

Mnana akaitazama ile pete. Katika vyote saba, yeye alipenyeza unyasi kutoka nje, na marehemu mkewe akaupokea ndani na kumrudishia.

Tetere akaenda kutaga juu ya vijiti vitatu. Mnana akabaki peke yake, akakwaruza mstari mmoja mahali papya kwenye gome: kiota cha kwanza.