Bendi ya Sikudhani

"Leo wazazi mmekuja wengi," alisema mlinzi, akiegemea mlango wa nyuma wa ukumbi. "Huyu mtoto alizaliwa na mtaa mzima."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka, isipokuwa mmoja, mama wa mitumba. Gauni alilovaa lilikuwa la kuuza. Alilichunga lisichafuke, kesho lirudi mezani.

Tangu mwimbaji aseme redioni kwamba bendi yake ameiita Sikudhani, jina alilopewa na mama aliyemwacha kwa jirani angali mchanga, na kwamba anamtafuta mama huyo, hapakukosa mtu mlangoni hapo. Kila mmoja aliulizwa swali lilelile: kwa nini ulinipa jina hilo? Ukikosa, huingii tena.

"Utamwambiaje?" mwanamke mnene aliyekuwa nyuma ya mama wa mitumba alimuuliza.

"Bado nafikiri."

"Shoga, unakwenda vitani na ufagio? Mwambie ulikaa miaka bila mtoto, hukudhani Mungu angekukumbuka. Chukua hilo, mimi ninalo jingine."

"Na kama lilikuwa jambo baya?"

"Baya nani atalinunua?"

Ndani, mwimbaji alikuwa ameketi juu ya sanduku la ngoma, uso umepakwa poda nusu. Akauliza swali lake kama mtu anayehesabu viti. Mama wa mitumba alikuwa na jibu lake mwenyewe ulimini. Akautazama uso ule, akalimeza, akatoa la kuazima.

"Nilikaa miaka mingi bila mtoto, mwanangu. Sikudhani Mungu angenikumbuka."

Mwimbaji akatabasamu kwa uchovu. "Ni tamu, mama. Lakini jirani aliyenilea aliniambia neno lenyewe kabla hajafa. Si zuri. Nimeshalizoea. Nataka tu kulisikia kutoka kwake."

Mama wa mitumba akafungua kinywa. Mlinzi alikuwa ameshamshika mkono.

"Umeshajibu, mama. Twende."

"Nilisahau, baba. Nirudie mara moja tu."

"Wote husahau."

Nje, mwanamke mnene alikuwa akijifunga kilemba upya, zamu yake imefika. "Pole, shoga. Amelikataa?"

Mama wa mitumba akautazama mlango, kisha akamvuta pembeni.

"Sikiliza. Mwambie walikuwa pacha. Wa kiume ndiye aliyekuwa na nguvu, ukamnyonyesha yeye. Huyu ukamlaza kando, maana hakuwa na pumzi za kumfikisha asubuhi. Kulipokucha, wa kiume amekufa. Ukamgeukia huyu, ukamwambia: sikudhani ungebaki wewe."

"Mungu wangu. Hilo umelitoa wapi?"

"Mwambie hivyohivyo." Akamnyooshea kilemba, taratibu, kama anayemvalisha bibi harusi. "Kisha umkumbatie sana. Mimi siku ile sikumkumbatia."