Chupa ya Mizizi

Daktari aliweka kalamu kwenye picha ya ukutani, juu ya korodani. "Mbegu zinatengenezwa hapa, halafu zinapita kwenye mirija hii. Bundala, kwako imeziba yote miwili. Mkeo hana tatizo."

Miaka saba nimekunywa dawa ya mizizi kutoka kwa mganga wa Ipililo, chungu mpaka ulimi unakufa ganzi. Mume wangu akatazama viatu vyake.

"Mama asijue," akaninong'oneza.

Nje, mama yake alikuwa anatungoja kwenye benchi, chupa mpya mapajani. "Kasemaje?"

Nikamwangalia Bundala. Nikangoja.

"Kasema aendelee na dawa, mama."

Bundala akaichukua ile chupa mapajani mwa mama yake, akang'oa kizibo kwa meno, akanishikisha.