Sumu ya Panya

Naibu mkurugenzi Hamdan alikuwa amepiga magoti mtaa wa Khuwair ya Kusini, Maskati, jua la saa tisa likimchoma kisogo, anapaka rangi nyeupe ukuta wa gereji isiyokuwa yake. Kanzu kaipandisha mapajani. Mtu mwenye gari na dereva wa wizara hapaki rangi kuta za watu, lakini Hamdan alikuwa na haraka. Maandishi mekundu yalikuwa yakififia chini ya brashi yake: SUMU YA PANYA, 1993.

"Miaka kumi hayakukuudhi," alisema Bi Nasriya, mwenye nyumba. "Leo vipi, mwanangu?"

Hamdan alimwambia anaoa.

Alikuwa ameposa kwa Mzee Hamoud. Binti alikuwa Wijdan, daktari wa meno, na Hamdan alimpenda hasa, kiasi cha kung'olewa jino zima ili apate kumwona. Posa ilipelekwa na shangazi yake Khole, aliyemlea na anayezijua siri zake zote. Alirudi na jibu kwamba wakwe watamuulizia kwanza, kama ilivyo ada.

"Binti mwenyewe kashikilia," Khole alisema. "Anataka kujua ulikuwa nani mwaka wa tisini na tatu."

Mwaka huo Hamdan alikuwa na panki kichwani na pini sikioni. Kila Jumatano alijifunga kilemba usoni, watu wasimjue, akapiga kelele ndani ya gereji hii dhidi ya walimu wakuu, askari wa barabarani na wali wa shangazi yake. Bendi yao, Sumu ya Panya, ilijua kupiga nyuzi tatu, moja kwa makosa. Iliitwa bendi ya kwanza ya muziki wa panki Maskati kwa sababu ya pili haikutokea.

Wenzake wa bendi walishahama nchi. Wa kuulizwa walibaki Bi Nasriya, kinyozi wa Matrah aliyemnyoa ile panki, na Saeed wa Ruwi aliyekuwa akinakili kaseti zao. Hamdan aliwaomba wote wamkane. Kinyozi aliapa palepale kuwa kichwa kile hajapata kukiona. Bi Nasriya alisema yeye hana umri wa kusema uongo, kisha akautazama ukuta wake ulivyopendeza, akasema kwa mara moja si kitu.

Saeed ndiye aliyesumbua. Kaseti za mwisho alizitoa bila ubishi, na Hamdan akazichambua utepe kwa mikono yake, huku moyo ukimuuma kidogo.

"Na wakinibana?" Saeed aliuliza. "Wachunguza posa hawaridhiki na sijui. Watataka jina."

Hamdan alifikiri kama wanavyofikiri wakurugenzi kosa linapotafuta mwenyewe. Akamkumbuka binamu yake Maan, fundi wa viyoyozi, ambaye siku zile kazi yake ilikuwa kubeba spika. Maan hakuwa na cheo cha kupoteza.

"Sema alikuwa Maan," akasema. Jioni ile akarudi Matrah na Khuwair, akawaambia na wale wengine waseme hivyohivyo.

Wiki ya pili aliitwa. Aliingia majlisi ya Mzee Hamoud kanyooka kwa pasi, anafuka udi. Ikaletwa halwa, ikamiminwa kahawa. Mzee alisema wameuliza Matrah, Ruwi na Khuwair, na wote watatu wamekula yamini kwamba Hamdan ni mtu safi, hajapata kushika maikrofoni maishani mwake.

Hamdan alishusha pumzi, akamega halwa.

"Na hapo ndipo penye taabu," Mzee Hamoud aliendelea. "Wijdan kesharudisha wachumba sita. Anamtaka yule aliyekuwa akiimba kwenye gereji, mwengine hamtaki. Bi Khole alituapia kuwa ni wewe."

Halwa ilimkwama kooni. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Ni mimi, Ami," alisema. "Wallahi ni mimi."

Mzee Hamoud alimtazama kwa huruma.

"Wewe ni mchumba wa tatu kuniapia hivyo," alisema. "Kunywa kahawa yako, mwanangu. Halafu n'andikie namba ya simu ya Maan."