Kabla Halijapashwa Moto

Komeo la mlango wa mwalimu lililia gizani, zikafuata ndala zikiburuzwa. Ndiyo kwanza anaamka. Robi, uani, alishusha pumzi; mwanawe alikuwa ameshika kanga yake.

Yeye na mwalimu waliahidiana saa tatu asubuhi, ila yeye alikuja alfajiri makusudi. Mtaa mzima wa Nyamisangura unajua kwamba gari bovu hupashwa moto kwanza, ndipo mnunuzi huitwa, asijue kwamba hugoma kuwaka likiwa baridi. Akiba yake yote ya kikoba ilikuwa mkobani, na gari bovu lingeimeza.

Akaweka kiganja kwenye boneti ya Passo, gari ambalo mwalimu alikuwa akiuza. Ilikuwa baridi kabisa, na umande ukamlowesha vidole.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nyie Wakurya, hata kuku wangu bado wamelala." Mwalimu alicheka, akampa ufunguo. "Liwashe mwenyewe, usije ukasema Mnyakyusa kakutapeli."

Robi aliketi kwenye usukani, akafumba macho, akazungusha ufunguo. Injini ikaitika papo hapo, ikatulia, bila kukohoa, bila moshi. Machozi yakamlenga, akayaacha.

Nyuma yake, mtoto alikuwa amekwisha kupanda kitini na kuvua viatu.

"Mama, mimi nakaa hapa dirishani."