Maji ya Samawati

Belgacem alikuwa ameanza kuifungua koki ya lori, mzee mwenye shamba alipouliza, "Mbona yanatoka samawati?"

Asubuhi mtambo wa maji taka ulikuwa umemkatalia kumwaga mzigo wake. Eti pampu imekufa, arudi Jumatatu. Tangi la lori lilikuwa limejaa maji ya vyoo mpaka juu, na kule kwenye tamasha vyoo vyake arobaini vya kukodisha vilikuwa vimeanza kufurika. Njiani ndipo mzee huyu alipomsimamisha, akamwomba aimwagie mizeituni yake maji hayo.

"Ni dawa ya kuua harufu, Haji."

"Inaua harufu tu?"

Belgacem angeweza kusema ndiyo, yakaisha. Tone jingine lilining'inia kwenye mdomo wa mpira, likaanguka kwenye udongo uliopasuka, na udongo ukalinywa papo hapo.

"Inaua na mizizi," alisema, akaifunga koki.

Mzee akamdaka mkono.

"Mwaka wa tatu huu sijaona mvua. Kisima kimebaki vumbi. Mimina, mwanangu."

"Haji, nitakuulia miti."

"Kwani hii unayoiona iko hai?"

Belgacem alijinasua, akachomoa mpini wa koki na kuutia mfukoni, kisha akapanda lori na kuliwasha.

Alipoinua macho, mzee alikuwa amesimama mbele ya bampa, kofia yake nyekundu imeanguka chini, mikono ameitanua kama anayezuia mifugo.

"Basi pita juu yangu," alisema.