Upande wa Mlangoni

Tangu Mbeyu aende mahakama ya kikanda kupinga uhalali wa Mahakama Maalumu ya Ardhi, mawe ya mpaka ya kiwanja chake yalisogea ndani kila alfajiri, na chochote kilichobaki nje ya mawe hayo kilimsahau. Mbwa wake mwenyewe sasa alimbwekea. Mawe yalishafika kizingitini.

“Futa kesi, mke wangu,” Kombo alimsihi.

“Nikiifuta nimekiri kuwa ile ya Ardhi ni mahakama halali,” Mbeyu alijibu. “Majaji wanatusikiliza kesho.”

Kombo akalala upande wa mlangoni, kama ada ya waume wa kwao, ili la kuja limkute yeye kwanza.

Kulipopambazuka, jiwe lilikuwa katikati ya kitanda. Mbeyu akamgusa mumewe begani. Kombo akashtuka, akajivutia shuka.

“Samahani, dada,” akasema kwa adabu. “Umeingiaje humu?”