Aproni Juu ya Ufunguo

Karakana ile ya ushirika ilikuwa na mashine moja tu ya kukereza chuma, na ufunguo wa kukazia chuma kwenye mashine ulikuwa na msumari wake ukutani. Umeme hauwashwi kabla ufunguo haujatundikwa. Aliyeusahau kwenye mashine alivua aproni, akaenda kukaa nyumbani wiki nzima. Fundi Mbaruku ndiye aliyeiweka sheria hiyo, na Tunu aliwahi kuionja.

Asubuhi hiyo Tunu alikuwa akingoja zamu yake alipomwona mzee Mbaruku akipeleka mkono kwenye swichi, na ufunguo ungali umechomekwa. Alimrukia, akaudaka mkono ule.

Mbaruku akautazama ufunguo. Mashine ingezunguka nao, ungeruka kama jiwe la kombeo.

"Jana pia niliusahau," alisema taratibu. "Nilinusurika tu."

"Hakuna aliyeona, fundi. Wenzetu wako nje wanakunywa chai."

"Wewe hukuona?"

Tunu akauachia mkono wa mzee.

Mzee aliuchomoa ufunguo, akautundika. Kisha akavua aproni yake, akaitundika juu ya ufunguo, akatoka bila kuaga.

Wenzao waliporudi, walimkuta Tunu amesimama mbele ya msumari.

"Si zamu yako hiyo? Mbona huanzi?"

Tunu akanyoosha mkono aiondoe aproni. Vidole vyake vikagusa kitu kigumu mfukoni: miwani ya mzee, ile ya kusomea vipimo, ambayo hakuwahi kuiacha karakanani hata siku moja.